Jiwe la Mwenyekiti

Mdogo wangu jina analo, tena zuri, alipewa na baba, lakini mtaani hakuna anayelitumia. Wanamwita Tutaona. Mpelekee kitu akutengenezee, hata kama kimekanyagwa na lori, hasemi hapana. Atakigeuza, atakinusa, atakipapasa kwa kidole gumba, kisha atasema, "Tutaona." Na wewe utaondoka umefurahi, ukidhani umeambiwa ndiyo. Hata kuolewa aliolewa hivyo hivyo. Shemeji alikuja kumwomba, akajibiwa tutaona, akaenda moja kwa moja kununua viatu vya harusi.

Mimi ndiye dada yake, fundi cherehani. Hapana yangu iko mdomoni muda wote, tena ina meno. Tumekaa baraza moja miaka na miaka, mbele ya duka la sabuni. Cherehani yangu iko upande wa jua na meza yake iko upande wa kivuli, kwa sababu betri hazitaki jua na mimi nalitaka.

Kazi yake ni kufufua betri za mashine za mkono: drili, misumeno, zile za kukazia skrubu ambazo maseremala siku hizi wanatembea nazo kiunoni. Ukifungua betri ya namna hiyo, ndani utakuta vibetri vya duara vimepangwa na kuunganishwa kwa vipande vya bati jembamba. Sisi tunaviita mawe, kama mawe ya tochi. Watu wengine mawe yakifa wanatupa betri nzima na kununua mpya. Mdogo wangu anakwenda kutafuta mawe mengine, ya kwenye kompyuta zilizokufa na feni za kuchaji, anayapima moja moja, anachagua yanayolingana nguvu, anayalehemu upya.

Na msidhani kulehemu jiwe ni sawa na kulehemu sufuria. Jiwe likipata moto wa muda mrefu linaiva kwa ndani na halisemi. Kwa hiyo anasugua kichwa chake kwa msasa mpaka king'ae, anapaka dawa, anachukua chuma kikubwa chenye moto mkali, si kidogo, anagusa na risasi inayeyuka, na kabla hujapepesa jicho chuma kimeshatoka. Mwenye chuma kidogo cha moto hafifu anakaa pale anasugua na kusugua, anampikia mteja jiwe. Nimemwona fundi mmoja wa mtaa wa pili akifanya hivyo huku anapiga hadithi za mpira. Nikamwambia bwana wee, hiyo si chapati. Akaninunia mpaka leo.

Akimaliza kuunganisha, mdogo wangu hakupi betri yako. Anailaza. "Lazima ilale kwanza," anasema. Jiwe bovu mbele ya mita linajifanya zima, lakini ukiliacha lipumzike siku mbili tatu linashuka lenyewe na aibu yake inaonekana. Na kwa kuwa betri ikiharibika inaweza kushika moto, hazilazi ndani ya nyumba. Anazilaza nje, kwenye beseni la mchanga chini ya dirisha, kisha usiku kucha anaamka kuchungulia kama mama wa mtoto mwenye surua. Mvua ikinyesha anatoka mbio na turubai. Shemeji amezoea kulala peke yake.

Kwa hiyo alichokitaka mdogo wangu katika dunia hii ni kitu kimoja: chumba. Chumba chenye mlango unaofungwa, soketi yake mwenyewe, na rafu ya zege ya kulazia betri bila kuogopa mvua wala watoto wa watu. Na chumba kilikuwepo. Mtaa ulikuwa umemaliza kujenga ukumbi wake, na mbele ya ukumbi kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha linalotazama barabara. Kila jioni tukirudi nyumbani alikuwa anasimama pale, anaweka viganja kwenye kioo, anachungulia. "Dada, ile rafu umeiona?" Nimeiona, nikamwambia, naiona kila siku, twende.

Haraka nayo ilikuwepo. Mwenye duka alishatuambia kwamba baraza lake analitaka, mwisho wa mwezi anaweka friji ya soda.

Sasa ukumbi una kamati, na kamati ina Mwenyekiti. Mungu anisamehe, lakini yule baba akipewa kipaza sauti, hata anayekuja kukidai anakaa chini kusubiri. Yeye ndiye aliyeamua kwamba siku ya ufunguzi mgeni rasmi hatakata utepe. Utepe, alisema, umepitwa na wakati. Mgeni rasmi atakaza skrubu ya mwisho ya kibao cha ukumbi, kwa drili, watu wakipiga picha. Drili ya kamati ilikuwa nyumbani kwake, na betri yake ilikuwa imekufa, maana aliisahau nje msimu mzima wa mvua. Madukani betri ya aina ile haipo tena.

"Si mtumie drili ya waya?" niliuliza. Nilikuwa nimeitwa kushona mapazia ya ukumbi, kwa hiyo nilikuwepo.

"Mama, mgeni rasmi afungwe waya kama mbuzi?" alisema Mwenyekiti.

Wakamwita mdogo wangu. Akaifungua ile betri, akakuta mawe kumi, yote yamekufa. Akasema atatafuta kumi mengine. Hapo ndipo Mwenyekiti alipopata wazo, na mtu wa namna ile akipata wazo ni bora hata angepata mafua. Kamati ina watu kumi! Mawe kumi! Basi kila mjumbe alete jiwe lake kutoka nyumbani, ili skrubu ile ikikazwa, iwe imekazwa na nguvu ya kila mmoja wetu. Watu walipiga makofi. Katibu alifuta jicho.

Mdogo wangu alijaribu. Kwa sauti yake ile ya kuomba radhi alieleza kwamba mawe lazima yalingane, kwamba yamepangwa mawili mawili na kila jozi inabeba mzigo wake, kwamba jozi moja ikilegea mashine nzima inasimama. "Nikichanganya mazima na mabovu..."

"Hakuna mbovu katika kamati hii," alisema Mwenyekiti. "Ukifanikisha jambo hili, fundi, kile chumba cha mbele ni chako. Nakuahidi mbele ya hawa."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa amefumba macho, nami nilijua anaiona ile rafu.

"Tutaona," akasema.

Wakaleta. Wengine waliyatoa kwenye spika, wengine kwenye feni, Mhazini akavunja taa ya mwanawe. Kila jiwe likabandikwa utepe wenye cheo cha mwenyewe, maana kila mtu alitaka lake lijulikane. Mwenyekiti alileta lililotoka kwenye kompyuta yake, iliyokaa kwenye buti la gari tangu gari lilipokuwa linatembea. Alilikabidhi kwa mikono miwili na kutamka kwamba hilo ndilo jiwe la msingi.

Wa mwisho alikuwa Bibi. Bibi ni mjumbe anayewakilisha wazee, na kazi yake kwenye kamati ni kufika mapema, kufagia, kupanga viti na kuwatilia wenzake maji. Hajawahi kuulizwa kitu. Alilitoa jiwe kwenye tochi yake pale pale mbele yetu, ile tochi anayomulikia akitoka usiku kwenda chooni.

"Utamulika na nini, Bibi?" nikamuuliza.

"Nitapapasa, mwanangu. Si siku chache tu?"

Mdogo wangu akatoa mita, akapima yote. Mengi yalikuwa ya wastani. La Bibi ndilo lililokuwa na nguvu kuliko yote, kwa sababu Bibi alikuwa akilichaji kila siku na hakuwahi kuliacha likaisha. La Mwenyekiti, sindano haikutikisika. Akapima tena, akageuza, akasugua kwa msasa.

"Hili limekufa, Mheshimiwa."

"Limelala," alisema Mwenyekiti. "Wewe si ndiye unayesema betri lazima zilale?"

Kukawa na ubishi, Katibu akasema wapige kura. Nawaapia. Waliinua mikono, watu wazima wenye wajukuu, wakapitisha kwamba jiwe la Mwenyekiti ni zima. Bibi peke yake hakuinua mkono, alikuwa ameshika jagi.

Tukarudi barazani. Nilikuwa nimefura kwa hasira. Nikamwambia mdogo wangu, mrudishie uchafu wake, mwambie hapana, ni neno dogo tu, nitakufundisha. Yeye alipanga yale mawe mezani, akayatazama kwa muda mrefu, kisha akaniomba boksi tupu la nyuzi.

"La nini?"

"Nikiliunganisha hili lililokufa litawanyonya wenzake mpaka lishike moto mkononi mwa mgeni. Nikiliacha nje, watafungua kuangalia na chumba sikipati." Akakata karatasi ngumu ya boksi, miduara miwili midogo, akaibandika kwenye jiwe la Mwenyekiti, mmoja kila upande. Bati likapita juu ya karatasi bila kugusa jiwe. Jina lipo, utepe upo, na hakuna hata chembe ya umeme inayoingia wala kutoka.

"Kwa hiyo mwenzake kwenye jozi atafanya kazi peke yake?"

"Ndiyo. Kwa hiyo mwenzake lazima awe mwenye nguvu kuliko wote." Akachukua jiwe la Bibi, akaliweka pembeni ya la Mwenyekiti. "Huyu atambeba. Ni skrubu moja tu."

Nilicheka mpaka uzi ukakatika kwenye cherehani. Sikumbuki kama yeye alicheka. Alishika chuma chake akaanza kulehemu, na kila akigusa jiwe la Bibi alilipuliza pole pole na kuliwekea kidole kuona kama limepata moto. Akailaza betri mchangani. Ilipoamka ilikuwa imetulia, akaijaza chaji, akampelekea Mwenyekiti jioni ya kuamkia sherehe.

"Mheshimiwa, hii ni kwa skrubu moja. Tafadhali usiichezee."

"Mimi ni mtoto?" alisema Mwenyekiti.

Alikuwa mtoto. Tulikuja kusikia baadaye kwa mkewe kwamba asubuhi ile yote alikuwa uani akifanya mazoezi, anakaza na kufungua, anatoboa mbao mbele ya wakwe zake, mpaka kuku wakahama.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mapazia yangu yalining'inia vizuri, hilo niseme, maana hakuna mwingine aliyelisema. Kibao kilikuwa ukutani na majina ya wajumbe wote, la Mwenyekiti kwa herufi kubwa kidogo. Baada ya hotuba ambazo sitaki kuzikumbuka, mgeni rasmi alishika drili, akabonyeza. Vruuu! Skrubu ikaingia yote. Watu wakashangilia, na mdogo wangu, aliyekuwa amesimama pembeni yangu ameubana mkono wangu kwa nguvu, akapumua.

Nikajua tumeshinda. Mwenyekiti aliuvuta ufunguo wa chumba kutoka mfukoni, umefungwa utepe mwekundu, akatuonyesha kwa mbali.

Kumbe mpiga picha alikuwa bado anafuta kioo cha kamera. Basi, mheshimiwa, rudia. Skrubu ikafunguliwa, ikakazwa tena. Mgeni rasmi akanogewa, akataka apigwe picha na mkewe. Mke akakaza. Katibu naye akasema ingependeza awe na kumbukumbu. Ikafunguliwa, ikakazwa, Mhazini naye. Mdogo wangu akaanza kuninong'oneza, "Dada, inatosha, waambie inatosha." Mwisho Mwenyekiti mwenyewe akapanga miguu, akatazama kamera, akabonyeza.

Drili ikazunguka, ikakohoa, ikalia kwa huzuni, ikanyamaza. Skrubu imeingia nusu. Akabonyeza tena. Kimya. Nyuma kule mtu mmoja akacheka, na kicheko ukumbini kinasafiri.

Uso ulimshuka Mwenyekiti. Kisha ukapanda, umebadilika rangi. "Humu ndani," akasema kwenye kipaza sauti, "kuna jiwe la mtu limetuangusha. Fundi! Fungua tulione."

Mdogo wangu alikwenda mbele. Akafungua kasha la betri juu ya meza ya mgeni rasmi, katikati ya maua. Katibu, ambaye siku hizo alijiona naye fundi, akanyakua mita na kupima jozi moja moja huku anasoma kwa sauti. Jozi nne zilikuwa salama. Ya tano ilikuwa chini kabisa. Akaukodolea macho utepe, akasoma, "La Mwenyekiti na la Bibi."

Mwenyekiti hakuchelewa hata kidogo.

"Bibi! Jamani, Bibi! Umetuletea jiwe bovu mbele ya mgeni?"

Bibi alikuwa mlangoni na jagi lake. Watu wote waligeuka kumtazama, nadhani ni mara ya kwanza. Akauvuta mtandio usoni. "Nisameheni wanangu," akasema. "Mimi nilidhani ni zima. Nisameheni."

Mwenyekiti akaweka mkono juu ya kipaza sauti na kumwinamia mdogo wangu, lakini mimi nilikuwa nimeshasogea karibu, nilisikia. "Sema tu ni la Bibi, fundi. Mzee wa watu, nani atamkasirikia? Tumalize sherehe." Na akauweka ufunguo mezani, pembeni ya mita.

Nitasema kweli. Mimi nilimkonyeza mdogo wangu akubali. Mimi mwenye hapana yenye meno! Niliifikiria ile friji ya soda, nikaifikiria mvua na beseni la mchanga, nikamkonyeza kwa jicho lote.

Aliutazama ufunguo. Akamtazama Bibi. Nikasubiri aseme tutaona.

"Hapana," akasema.

Hakusema kwa nguvu, ila kipaza sauti kilikuwa karibu na ukumbi mzima ukasikia. Akachukua koleo ndogo, akalibandua lile bati, akauinua mduara mmoja wa karatasi ya boksi langu la nyuzi ili kila mtu auone. "La Bibi si bovu. Limechoka. Muda wote lilikuwa linafanya kazi yake na ya hili jingine. Hili la Mwenyekiti mimi sikuliunganisha, lilikuwa limekufa tangu siku ya kwanza." Akaligusisha mita. Sindano ikalala pale pale. "Nilipaswa kusema siku ile. Nilikitaka chumba."

Ningekuwa mtunzi wa uongo ningesema watu walimbeba mabegani. Hawakumbeba. Mgeni rasmi alitazama saa yake na kukumbuka ana shughuli nyingine. Mwenyekiti naye akapata pa kushika. "Kwa hiyo ulikiuka uamuzi wa kamati!" akafoka. "Mmesikia wenyewe! Jiwe langu halikuunganishwa! Lingeunganishwa, drili ingezima?" Na wajumbe, hao hao, wakaitikia kwa vichwa kwamba kweli, jamani, lingeunganishwa isingezima. Ufunguo ukarudi mfukoni.

Chumba sasa kina mpwa wa Mwenyekiti, anauza makava ya simu, na kwenye ile rafu ya zege ameweka miguu. Skrubu iko vile vile nusu ukutani, wanaokuja kwenye mikutano wanatundikia kofia. Jiwe la Mwenyekiti limewekwa kwenye kabati la kioo pale mlangoni, na chini yake pameandikwa kwamba hilo ni ishara ya mshikamano. Sisi tumehamia kwangu, chini ya dirisha la jikoni. Beseni la mchanga limekuja nasi. Usiku mvua ikianza sasa tunatoka mbio wawili, na mmoja wetu anatukana.

Kesho yake baada ya sherehe, kabla hata hatujahama, Bibi alikuja barazani. Alikuwa ameishika tochi yake tupu. Alisimama kwanza, maana si mtu wa kukaa bila kuambiwa, nikampa kiti changu.

"Nimelifuata jiwe langu," akasema. "Jana usiku nimejigonga kwenye mlango."

Mdogo wangu alilitoa mchangani. Alikuwa ameshalichaji, amelilaza, amelipima tena na tena. Alikuwa amelibandua risasi yote na kulisafisha mpaka linang'aa. Hakuweza kumtazama Bibi usoni.

"Ni zima, Bibi. Nisamehe. Nilikubebesha kazi ya watu wawili bila kukuuliza."

"Aa," alisema Bibi, akilisukumia jiwe ndani ya tochi na kufunga kifuniko. "Hiyo mbona nimezoea."

Akawasha, akamulika kiganja chake mchana ule kuona kama inawaka, akazima, akaenda kufagia ukumbi.